Wimbo wa Mia Moja Arobaini na Saba

Usiku ule Wangila hakurudi nyumbani, na wanawake wawili walikesha wakimngoja. Mmoja alikuwa mama yake, Nanyama, fundi wa kushona nguo katika ploti moja ya nyumba za kupanga mtaani Langas, Eldoret. Wa pili alikuwa jirani yake wa mlango wa tatu, Wacera, muuza kabichi na viazi sokoni, ambaye watu wote walimwita Mama Wahu. Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa nane, mwaka wa tisini. Mvua ilikuwa imenyesha tangu saa kumi, na baridi ilipita chini ya mlango kama maji.

Wacera alikuja na chupa ya chai, blanketi, na kitabu chake cha nyimbo. Hakuuliza kama anatakiwa. Aliketi juu ya kitanda cha Wangila, akamimina chai, akamwambia mwenzake anywe kabla haijapoa.

Wangila alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alinyoa watu katika kibanda karibu na steji ya matatu, na saa moja ya jioni kila siku alikuwa amefika, amenawa, anauliza kuna nini kwa sufuria. Saa tatu ilipita, saa tano ikapita. Kila mara viatu viliposikika kwenye matope ya nje, Nanyama aliinuka nusu, kisha viatu vikaingia mlango mwingine naye akaketi tena. Cherehani yake ilikuwa mbele ya dirisha, na sketi ya shule iliyoshonwa upande mmoja ilikuwa bado chini ya sindano.

Wacera hakuwa mtu wa maneno mengi ya kufariji. Alikuwa mtu wa kuhofia. Alihofia mvua na alihofia jua, alihofia lori la kabichi kutoka Kaptagat halitakuja, na likija alihofia kabichi zimeoza chini ya gunia. Lakini watu wa kuhofia wana faida moja, kwamba jambo la kuogofya likifika haliwakuti wamelala. Ilipofika saa saba alifungua kitabu, wakaimba pole pole ili wasiamshe wapangaji wengine. Waliimba wimbo wa mia moja arobaini na saba, kwa sababu ndio ulikuwa wimbo wa Wacera, na kila mtu alijua.

Habari ilifika alfajiri. Obiero, mlinzi wa usiku aliyeishi ploti ya pili, alipita akitoka kazini, akaona taa, akabisha. Alisema jana jioni kulikuwa na msako pale steji. Vijana waliokosa kipande, yaani kitambulisho, walipandishwa lori la polisi. Wangila alikuwamo, alimwona kwa macho yake, na alikuwa mzima. Nanyama alijifunga leso akatoka bila kufunga mlango. Wacera ndiye aliyeufunga, akakimbilia sokoni, maana Alhamisi ilikuwa siku ya lori. Kitabu cha nyimbo kilibaki juu ya cherehani. Na ndani ya kitabu kulikuwa na kadi ya benki.

*

Kadi hiyo Wacera alikuwa nayo tangu mwezi wa tano. Kabla ya hapo alikuwa na kitabu kidogo cha akiba chenye jalada la buluu, na hicho alikielewa. Pesa ziliandikwa ndani kwa kalamu, karani akaweka sahihi, ukaondoka ukiwa umeona. Taabu ilikuwa saa. Benki ilifunga saa nane mchana, na saa zile ndizo soko lilikuwa limechangamka. Ukienda kupanga foleni, ukirudi unakuta wateja wako wamemzoea jirani.

Ndipo benki ikaweka mashine ukutani, nje, mkono wa kulia wa mlango, yenye kutoa pesa hata jioni, hata Jumapili. Karani mmoja kijana aliyeitwa Kituyi, mwenye tai nyembamba na subira nyingi, ndiye aliyemshawishi Wacera. Alimwambia hatapanga foleni tena. Wacera aliuliza maswali mengi mpaka mzee aliyekuwa nyuma yake akahamia dirisha lingine. Mashine ikikosea, nani atashuhudia? Umeme ukipotea, pesa zinaenda wapi? Kituyi alijibu yote. Kisha akamweleza habari ya namba ya siri. Tarakimu nne. Usiiandike popote. Usimwambie mtu, hata mume wako. Chagua namba ambayo hata ukiamshwa usiku wa manane utaisema bila kufikiri.

Jambo hilo la siri lilimsumbua Wacera, kwa sababu kadi alizozizoea hazikuwa za siri. Alikuwa na kipande, na alikitoa kila alipoulizwa. Alikuwa na kadi ya chama tawala, na vijana wa chama walipokaa kwenye lango la soko aliitoa bila kungoja kuulizwa, kazi iliyobaki ikawa kuiombea isinyeshewe. Alikuwa na kadi ya kliniki ya binti yake Wahu iliyochakaa tangu mtoto akiwa mchanga. Kadi kwake ilikuwa kitu cha kuonyesha ili upite. Hii ndiyo ya kwanza aliyoambiwa asiionyeshe.

Alirudi nyumbani akafikiri juu ya namba siku mbili nzima. Mwaka wa kuzaliwa kwake hakuuamini, kwa maana uliandikwa na mzungu wa mashamba kwa kumtazama meno. Mwaka wa Wahu ulijulikana na Wahu. Namba ya kipande ilikuwa ndefu, na kwa vile kadi zote mbili zingekaa mfuko mmoja, mwizi angeiona. Jumapili kanisani, kitabu kikiwa wazi magotini, jibu likaja lenyewe. Tangu alipookoka, miaka kumi na minne nyuma, alipopewa nafasi ya kuchagua wimbo hakuwahi kuchagua mwingine. Mia moja arobaini na saba. Angeweka sifuri mbele, zikawa tarakimu nne. Hata akiamshwa usiku wa manane angeisema, na angeiimba.

Hakuiandika popote. Alilifuata neno hilo kama alivyofuata yote aliyoambiwa na watu waliosoma. Lakini kadi ilitaka pahali pa kukaa pasipoloa maji na pasipofikiwa na wezi wa mfukoni, na mwizi gani wa soko la Eldoret angeiba kitabu cha nyimbo? Akaiweka ndani ya kitabu. Aliiweka kwenye ukurasa aliofungua mara nyingi kuliko kurasa zote, ikawa alama ya ukurasa. Na juu ya ukurasa huo, kwa wino mweusi mkubwa, kulikuwa kumechapishwa namba.

Mara za kwanza kwenda kwenye mashine alikwenda na Nanyama. Macho ya Wacera yalikuwa yameanza kukataa maandishi madogo, na Nanyama alisoma hadi darasa la saba. Nanyama alimsomea maneno ya kioo, weka kadi, ngoja, bonyeza namba yako. Ikifika hapo aligeuka na kuitazama barabara, kama mtu anayempisha mwenzake avae nguo. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Wacera aliliona, na lilimpendeza.

Pesa zenyewe hazikuwa nyingi kwa watu wenye pesa. Zilikuwa elfu tano na mia tisa. Humo mlikuwa na miaka mitatu ya kabichi, na kile ambacho mumewe Ndungu alileta kila mwisho wa mwezi kutoka shamba alilofanya kazi karibu na Moi's Bridge. Zilikuwa na kazi moja tu. Wahu, binti yao wa pekee, alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu. Alitakiwa kuripoti Jumatatu ya tarehe tatu mwezi wa tisa, kabla ya saa sita mchana, akiwa na elfu tano na mia nne. Barua ilisema wazi kwamba atakayekosa kufika na ada, nafasi yake itapewa mwingine. Wacera alikuwa amesomewa barua hiyo mara nyingi hadi angeweza kuirudia bila karatasi.

*

Ile Alhamisi jioni, siku moja baada ya msako, ushirika wa akina mama wa kanisa ulifanyika nyumbani kwa Nanyama. Waliomba, wakachanga, wakapata shilingi mia tatu na kumi zikiwa zimefungwa kwa kitambaa. Ijumaa Wangila alipelekwa kortini pamoja na wengine kumi na mmoja. Makosa yake yalikuwa mawili, kukosa kipande na kubishana na askari akiwa kazini. La kwanza lilikuwa kweli. La pili alilikana. Alipigwa faini ya shilingi elfu nne, ama miezi sita ndani.

Wacera alisikia habari hiyo akiwa sokoni na akaweka kisu chini. Miezi sita. Alimjua Wangila tangu akiwa na meno ya mbele yaliyong'oka. Jioni alimpelekea Nanyama viazi na shilingi hamsini, akamkuta ameketi mbele ya cherehani bila kushona. Waliongea kidogo. Kitabu cha nyimbo kilikuwa hapo juu ya meza, lakini hakuona vyema kukichukua kutoka kwa mtu aliye katika shida. Alisema akitumie kwanza.

Jumapili Nanyama hakuja kanisani. Alimtumia Kageha, muuza ndizi, ujumbe kwamba kichwa kinamwuma. Wacera aliimba kwa kuchungulia kitabu cha Kageha. Jioni Nanyama mwenyewe alikuja mlangoni na kitabu, amekifunga kwa gazeti ili kisiloe.

"Asante, Mama Wahu," alisema. "Kilinisaidia."

Hakuingia. Wacera alifungua gazeti, akaona kadi iko pale pale ukurasani, akarudisha kitabu juu ya rafu.

Jumatatu faini ililipwa na Wangila akarudi, amekonda shingo, amenyolewa vibaya na watu wasiojua kazi. Ploti nzima ilifurahi. Nanyama alisema ndugu yake wa Moi's Bridge aliuza mahindi. Wacera alilisikia hilo pamoja na wengine, na kitu fulani ndani yake kikasimama kidogo, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kwa mbali. Mwezi wa nane mahindi ya upande ule bado yalikuwa shambani, mabichi. Na ndugu huyo huyo, mwezi wa sita, alikuwa amekuja Langas kuomba gorogoro mbili za mahindi ya ugali. Lakini mtu hahesabu mahindi ya ndugu wa mwenzake siku mtoto amefunguliwa. Alienda akapika chai.

*

Alhamisi iliyofuata, zikiwa zimebaki siku nne Wahu aripoti, Wacera alimwachia Kageha kupokea lori, akaenda mjini asubuhi. Aliweka kadi, akabonyeza sifuri, moja, nne, saba, na mashine ikamwonyesha maandishi aliyoyasoma pole pole kwa kuyafuata na kidole. Elfu moja na mia tisa. Alitoa kadi, akaifuta kwa leso, akaiweka tena. Elfu moja na mia tisa.

Ndani, Kituyi alimtolea karatasi. Ijumaa ya tarehe ishirini na nne, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, elfu mbili. Jumapili ya tarehe ishirini na sita, saa nane na dakika ishirini mchana, elfu mbili. Elfu mbili ndicho kipimo ambacho mashine ilikubali kutoa kwa siku moja.

Wacera alisema si yeye. Jumapili saa nane alikuwa bado kanisani, na watu mia mbili wanaweza kushuhudia. Kituyi alimwuliza nani mwingine anajua namba. Akasema hakuna. Akamwuliza kama ameiandika mahali. Akasema hapana, na kwa hilo aliweza kuapa.

"Mama, mashine haibahatishi," Kituyi alisema, akiwa amepunguza sauti ili wa nyuma wasisikie. "Siku zote mbili namba iliwekwa mara moja tu, ikakubali. Huyu mtu alikuwa anaijua."

Alimweleza yaliyobaki kwa upole, lakini yalikuwa yale yale. Kadi ni yake na namba ni yake, kwa hivyo kwa macho ya benki aliyetoa ni yeye. Benki haiwezi kurudisha. Ila kama kuna mtu anayemshuku, aende kituo cha polisi aandikishe, na benki itatoa saa na tarehe. Akampa fomu ya kwenda kupigwa muhuri huko. Kisha akamsaidia kubadilisha namba. Safari hii Wacera hakufikiri siku mbili. Aliweka namba ambayo haikuwa ya kitu chochote.

Akiwa njiani alikuwa na mawazo mawili. La kwanza lilikuwa kwamba benki yenyewe ndiyo iliyomwibia, na hilo lilikuwa rahisi kubeba. La pili lilikuwa zito. Aliyeishi naye, aliyelala chumba kimoja na kitabu hicho, aliyejua kusoma kuliko wote, alikuwa Wahu. Kwa hofu hakukumbuka kwamba siku zile kitabu hakikuwa kwake.

Alifika nyumbani saa sita. Wahu alikuwa ameenda mferejini. Sanduku lake jipya la chuma lilikuwa chini ya kitanda, tayari limepakwa jina kwa rangi nyeupe. Wacera alilivuta, akalifungua, akatoa nguo moja moja. Alipapasa mikunjo ya shuka. Alifungua soksi. Alifungua hata pakiti ya sodo, akaona haya, akaifunga. Alipoinua macho Wahu alikuwa mlangoni na mtungi wa maji.

"Mama, unatafuta nini?"

Wacera alisema anahakikisha hakuna kitu kilichosahaulika. Wahu aliweka mtungi chini. Alitazama soksi zilizofunguliwa. Halafu akapiga magoti akaanza kukunja nguo upya, moja baada ya nyingine, na mama yake akatoka nje kwa sababu hakujua mahali pa kuweka mikono.

*

Alikwenda ushirika saa kumi kwa kuwa kutokwenda kungeulizwa. Walikuwa wanawake tisa nyumbani kwa Kageha, na Nanyama hakuwamo. Alikuwa na kazi nyingi, walisema, sare za shule, muhula ulikuwa karibu. Mwongozaji aliuliza nani atachagua wimbo wa kufungulia.

"Msimwulize Mama Wahu," Kageha alisema, na wengine wakaanza kucheka kabla hajamaliza. "Huyu hata ukimwuliza bei ya kabichi atakwambia mia moja arobaini na saba. Siku akienda tutamwandikia hiyo tu kwa msalaba. Jina la nini?"

Walicheka, na Wacera akacheka nao, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Alitazama nyuso zile tisa. Miaka kumi na minne alikuwa akiisema namba yake kwa sauti kila Alhamisi, akiwa amesimama. Kila mmoja pale aliijua. Watoto wao waliijua. Kituyi alimwuliza kama ameiandika, naye akaapa kuwa hapana, huku kadi yenyewe ikiwa imelala siku zote chini ya namba iliyochapishwa kwa herufi kubwa kuliko za maneno ya wimbo. Hakuna aliyehitaji kuchungulia. Hata aliyegeuza uso akatazama barabara hakuwa na haja ya kutazama vidole vyake.

Kitabu kilikuwa kwa nani Ijumaa? Kitabu kilikuwa kwa nani Jumapili? Nani alijua kusoma maneno ya kioo? Mahindi mabichi ya mwezi wa nane yakaiva mbele yake.

Alingoja sala ya mwisho. Watu wengine wangetoka mbio, lakini Wacera aliketi, akanywa chai ya Kageha, akaosha kikombe.

*

Cherehani ilisikika kutoka nje. Mlango wa Nanyama ulikuwa umefungwa kwa ndani, jambo ambalo mchana halikuwa kawaida, kwa kuwa fundi anataka mwanga. Wacera alibisha. Cherehani ikanyamaza.

"Mama Wangila," alisema. "Nimetoka benki."

Mtoto wa mpangaji alipita na gurudumu la waya, akawazunguka kuku, akaenda. Wacera aliusogelea mlango mpaka pumzi yake ikarudi usoni.

"Wahu anaripoti Jumatatu. Mchana wa leo nimepekua sanduku lake kama la mwizi, na yeye ananiangalia."

Alingoja. Kisha akasema lile lililobaki, bila kupandisha sauti, kwa sababu ukuta wa mbao unasikia.

"Nimepewa fomu ya polisi. Sijaenda. Jumamosi asubuhi nitapita hapa nikienda."

Mlango haukufunguliwa. Alisimama pale muda wa kuchemsha maji ya chai, halafu akaenda kwake.

Hakumwambia mtu. Ijumaa aliuza kabichi. Wahu hakumwuliza kitu, na alimsalimia kama kawaida, lakini sanduku lilikuwa na kufuli sasa. Wangila alipita asubuhi akienda kibandani. Alimwamkia vizuri, akamtania kwamba kichwa cha Mzee Ndungu akirudi kitanyolewa bure. Wacera alimtazama machoni kwa makini, kama anavyotazama kiazi kabla ya kukipima, na hakuona kitu. Kijana hakujua. Aliamini mahindi ya mjomba.

Usiku ule alipiga hesabu ya mambo ambayo hayana hesabu. Akienda kituoni, watamchukua Nanyama, na ploti nzima itatoka kuangalia. Wangila ataachwa peke yake, na kwa hasira za umri wake haitachukua wiki kabla hajarudi ndani, safari hii kwa kosa la kweli. Na hata hivyo hizo elfu nne hazitarudi, kwa maana zilikuwa zimekwisha kuingia katika risiti ya korti. Asipoenda, Wahu atakaa nyumbani, na mwakani atauza kabichi, na mwaka wa baadaye ataolewa na mtu wa kwanza atakayeuliza. Alijua hivyo kwa kuwa ndivyo alivyoishi yeye mwenyewe. Akajiuliza pia, mara moja tu, kama Nanyama angemwomba zile pesa Ijumaa ile, angempa? Alilijibu swali hilo kwa ukweli. Asingempa. Angemletea viazi na shilingi hamsini.

Jumamosi aliamka kukiwa na ukungu. Alivaa gauni la kanisani, kwa sababu kituoni mtu hupokewa kwa alivyovaa. Aliikunja fomu mara mbili. Hakuwa na bahasha, kwa hiyo aliitia ndani ya kitabu cha nyimbo, ukurasa wowote. Kadi alikuwa ameishonea mfuko kwenye sketi ya ndani tangu juzi. Wahu aliuliza anakwenda wapi saa hizo. Akasema mjini.

Milango mitatu si mwendo. Alitembea taratibu, akanyanyua gauni kukwepa matope. Mlango wa Nanyama ulikuwa umefungwa, na pazia la dirisha pia, na cherehani haikusikika. Alisimama. Alikuwa ameahidi atapita, hakuahidi atabisha tena. Alihesabu pumzi kumi. Akageukia njia.

Nyuma yake kitasa cha chuma kilikwaruza, kikakwama mahali kilipokwama siku zote, kikapigwa na kiganja, na mlango ukafunguka.

Nanyama alikuwa amevaa koti lake la kutokea. Chumba nyuma yake kilikuwa kimefagiliwa. Meza ya cherehani ilikuwa tupu mbele ya dirisha, na kichwa cha cherehani kilikuwa kizingitini, kimefungwa kwa shuka na kukazwa kwa kamba ya katani. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini hakulia.

"Yule wa duka la vitambaa amesema elfu tatu na mia mbili," alisema. "Mia nane nitashona kwa mkono. Nimemwambia Wangila ukweli. Ametoka jana usiku, ameenda kukopa kwa wenzake wa kibandani."

Wacera aliangalia kifurushi kile. Miaka yote aliyomjua, alilala na kuamka akiisikia mashine hiyo kupitia kuta mbili. Hesabu ilijipanga yenyewe kichwani. Elfu moja na mia tisa, na elfu tatu na mia mbili. Zilibaki mia tatu, na mia tatu angezipata kwa kabichi za leo.

"Siku zile kwa mashine ya benki nilikuwa nageuka," Nanyama alisema. "Uliniona."

"Nilikuona."

"Sikuangalia hata siku moja."

"Najua, Mama Wangila."

Ukungu ulikuwa unaingia ndani kupitia mlango ulio wazi. Nanyama aliinama, akashika kamba upande wake, akajaribu kuinua, na uzito ukamrudisha chini.

"Ni chuma," alisema. "Peke yangu siwezi."

Wacera alihitaji mikono miwili. Aliweka kitabu chini kizingitini, fomu ikiwa ndani, akashika upande wa pili.